`import` au `from`? Njia za kuingiza moduli kwenye Python, zikipimwa kwa programu ya depo la unga

Tuchukue programu ndogo ya depo la unga wa bukari mjini Lubumbashi, pale soko la Kenya (Kenya ya kwetu, komuni, si nchi). Bei zimeandikwa kwa dola, mteja analipa kwa faranga, na kiwango cha kubadilisha kinaweza kuwa kingine asubuhi na kingine jioni. Programu ina faili chache za Python (kila faili ni moduli moja). Moja inaitwa `viwango.py`, namba zake hapa ni za mfano tu:

```
# viwango.py
KIWANGO = 2850      # faranga kwa dola moja

def kwa_faranga(dola):
    return dola * KIWANGO
```

Faili ya mauzo inaihitaji hiyo `kwa_faranga`. Python inaruhusu kuiita kwa njia nne:

```
import viwango
print(viwango.kwa_faranga(12))

from viwango import kwa_faranga
print(kwa_faranga(12))

import viwango as v
print(v.kwa_faranga(12))

from viwango import *
print(kwa_faranga(12))
```

Zote nne zinachapisha 34200, na ndiyo maana wengi huchagua kwa mazoea. Tofauti hujitokeza kiwango kikibadilika, faili zikiongezeka, au mtu mwingine akifungua msimbo wako kutafuta kosa huku mteja anasubiri risiti.

## Kwanza, jambo lisilotofautisha

Kuna imani kwamba `from` ni nyepesi: nachukua fanksheni moja, kwa hiyo napunguza mzigo wa RAM. Si kweli. Ukiandika `from viwango import kwa_faranga`, Python inaitafuta faili, inaitekeleza yote tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inaiweka moduli nzima ndani ya `sys.modules` (kamusi ya moduli zilizokwisha kupakiwa), kisha ndipo inakukabidhi jina uliloomba. Ni kama lori la Kasumbalesa: hata kama wewe una mfuko mmoja tu ndani, linalovuka mpaka ni lori zima. Faili nyingine ikiiomba moduli hiyo baadaye, haitekelezwi upya; inatolewa pale pale `sys.modules`.

Kwa hiyo kwenye mashini yenye RAM ya giga 4, `from pandas import read_csv` inakula sawa na `import pandas` (kifurushi kizito cha kuchambua data). Kama programu inachelewa kufunguka, usibahatishe, pima (inawezekana tangu Python 3.7):

```
python -X importtime mauzo.py 2> muda.txt
```

Kila mstari wa `muda.txt` una muda wa moduli yenyewe, muda wake pamoja na moduli zote ilizozivuta, halafu jina. Hesabu ni za maikrosekunde, yaani 1,000,000 ni sekunde moja. Angalia safu ya pili: namba kubwa ndiyo mzigo wako. Ukikuta ni pandas, na kazi yote ni kusoma faili ya CSV ya mistari 300, moduli `csv` inayokuja na Python yenyewe inatosha.

Kasi ya kuita fanksheni? `viwango.kwa_faranga` inahitaji hatua moja zaidi ya kutafuta jina kuliko `kwa_faranga`. Utaiona kwenye mzunguko wa mamilioni, si kwenye mauzo ya siku.

## Jina linalobadilika: hapa ndipo pesa zinapotea

Saa nane mchana kiwango kinashuka hadi 2800. Programu inakisasisha bila kufungwa:

```
import viwango
from viwango import KIWANGO

viwango.KIWANGO = 2800

print(KIWANGO)                    # 2850
print(viwango.KIWANGO)            # 2800
print(viwango.kwa_faranga(12))    # 33600
```

Mstari wa kwanza wa `print` ndio wa kuogopa. `from viwango import KIWANGO` haifungi uzi kati ya faili mbili. Inatengeneza jina jipya ndani ya faili yako na kulibandika kwenye thamani iliyokuwapo wakati ule. Moduli ikija kubandika jina lake kwenye thamani nyingine, jina lako linabaki palepale pa zamani, na Python haitoi onyo lolote.

Kosa hili halionekani haraka kwa sababu linavunja nusu tu. Fanksheni `kwa_faranga`, hata ukiileta kwa `from`, inasoma `KIWANGO` kwenye moduli ilikozaliwa, kwa hiyo inahesabu kwa 2800. Lakini kichwa cha risiti kinachochapisha `KIWANGO` kinasema 2850. Mteja anapiga hesabu kwenye simu yake: mfuko wa dola 12 kwa 2850 ni 34,200, risiti inadai 33,600. Sehemu nyingine ya programu ikizidisha yenyewe kwa `KIWANGO` badala ya kuita fanksheni, kila mfuko unapishana faranga 600. Mifuko 40 ni 24,000, na jioni kasha halilingani na daftari.

Hata kuipakia upya moduli kwa `importlib.reload(viwango)` hakuponyi jina lililoletwa kwa `from`.

Upande wa pili wa kosa hilohilo: kuandika `KIWANGO = 2800` ndani ya `mauzo.py` hakubadilishi chochote kwenye `viwango.py`. Umejitengenezea jina la kwako tu. Njia safi ni kuipa moduli yenyewe kazi ya kubadilisha:

```
def weka_kiwango(kipya):
    global KIWANGO
    KIWANGO = kipya
```

na wengine wote wasome `viwango.KIWANGO`, jina la moduli likiwa mbele.

Orodha na kamusi zina tabia tofauti kidogo, na ndizo zinazowachanganya watu. Ukifanya `from bei import BEI` ambapo `BEI` ni kamusi, halafu ukaandika `BEI["mahindi"] = 13`, faili zote zinaliona badiliko, kwa sababu kamusi ni ileile, umebadili tu kilicho ndani yake. Ukiandika `BEI = {}`, umerudi kwenye tatizo la kiwango. Kwa chochote kinachobadilika programu ikiwa inaendelea, chaguo ni `import moduli`, na hapa hatuoni sababu ya kubishana.

## Mahali `from` inaposhinda

Majina mengine hayabadiliki na yanajieleza. `Path`, `Decimal`, `Workbook`, `date`: ukiyaona katikati ya faili unajua ni nini bila kuambiwa yametoka wapi. Kuandika `decimal.Decimal("12.50")` mara thelathini kunachosha macho bila faida. Hapo `from decimal import Decimal` ndiyo sahihi.

Kipimo tunachotumia: litoe jina peke yake, bila moduli yake, ulisome. `Decimal` linasimama. `load` je? Inaweza kuwa ya `json`, ya `pickle`, ya kitu kingine. `open`, `join`, `dump`, `run`, `time` ni majina yatima. Yaache na mzazi wake: `json.load`, `subprocess.run`. Na orodha ya `from` ikipita majina matano au sita kutoka moduli moja, ni dalili kwamba unaihitaji moduli yenyewe.

Moduli `datetime` inastahili aya yake, kwa sababu ndani yake kuna klasi inayoitwa `datetime` pia. Ukiwa na `import datetime` juu, na chini yake mtu akaongeza `from datetime import datetime`, wa mwisho ndiye anayeshika jina. Baada ya hapo `datetime.date.today()` iliyokuwa ikifanya kazi jana inakataa: `'method_descriptor' object has no attribute 'today'`. Ujumbe huo hausemi lolote kuhusu kuingiza moduli, kwa hiyo mtu anatafuta kosa mahali pasipo penyewe. Chagua mtindo mmoja kwa programu nzima. Kwa depo, tarehe tu inatosha: `from datetime import date`, kisha `date.today()`.

## `as`: kwa wachache

`import numpy as np`, `import pandas as pd`, `import matplotlib.pyplot as plt`: hivi vimezoeleka dunia nzima, na ukiviandika vinginevyo utamchelewesha msomaji. Nje ya hivyo, kifupi cha kujitungia ni deni. `v.kwa_faranga` inaokoa herufi sita kwa anayeandika, na inamrudisha juu ya faili kila anayesoma.

`as` ina kazi ya kweli pale majina yanapogongana, kwa mfano `from unga import bei as bei_ya_unga` na `from mchele import bei as bei_ya_mchele`. Na pale moduli moja inapoweza kupatikana kwa majina mawili: `tomllib` imo ndani ya Python kuanzia 3.11, kwenye toleo la zamani unaweka kifurushi `tomli`:

```
try:
    import tomllib
except ModuleNotFoundError:
    import tomli as tomllib
```

## Nyota

`from moduli import *` inaleta kila jina lisiloanza na mstari wa chini (`_`), au, kama moduli ina orodha ya `__all__`, yale yaliyotajwa humo. Jaribu hii:

```
from os import *
f = open("mauzo.csv")
```

Jibu: `TypeError: open() missing required argument 'flags' (pos 2)`. `os` ina `open` yake, ya ngazi ya chini kabisa, nayo imeifunika ile `open` ya kawaida. `from math import *` inafanya vivyo hivyo kwa `pow`. Haya ni ya leo. Kesho moduli ikisasishwa na kuongezewa jina, linaweza kufunika la kwako bila wewe kugusa mstari hata mmoja.

Nyota ni ya dirisha la majaribio, ambapo unaandika mistari mitatu na kufunga. Tena Python 3 inaikataza kabisa ndani ya fanksheni.

## Ndani ya kifurushi: jina kamili au nukta

Faili zikizidi tatu au nne, zikusanye kwenye folda moja, ndiyo kifurushi:

```
mradi/
    duka/
        __init__.py
        viwango.py
        bei.py
        risiti.py
        mauzo.py
```

`__init__.py` inaweza kuwa tupu. Tangu Python 3.3 folda isiyo nayo inaweza kuingizwa pia, lakini iweke. Zana nyingi zinaitegemea kutambua kifurushi.

Ndani ya `mauzo.py` una njia mbili: `from duka import viwango`, yaani jina kamili, au `from . import viwango`, yaani nukta, ikimaanisha "folda hii hii". Mwongozo rasmi wa uandishi wa Python, PEP 8, unapendelea jina kamili na unakubali nukta. Sisi pia tunaegemea jina kamili. Ukilitafuta neno `duka` kwenye mradi mzima, unaona kila linapotumika, nukta haitafutiki. Nukta ina faida pale kifurushi kinapoweza kubadilishwa jina, au faili za folda ndogo ya ndani zinapoitana zenyewe kwa zenyewe. Nukta mbili zinavumilika. Tatu, panga upya folda zako.

Zote mbili zinaanguka kwa kosa moja: kuendesha faili ya ndani moja kwa moja.

```
python duka/mauzo.py
```

Ukiwa na nukta unapata `ImportError: attempted relative import with no known parent package`. Ukiwa na jina kamili, `ModuleNotFoundError: No module named 'duka'`. Sababu ni moja. Ukiipa Python faili, inaweka folda ya faili hiyo mwanzoni mwa njia zake za utafutaji, `sys.path`. Kwa hiyo inatafuta `duka` *ndani ya* `duka`, na haipo. Simama kwenye `mradi` na uendeshe hivi:

```
python -m duka.mauzo
```

Hakuna `.py`, na nukta badala ya mkwaju (`/`). Dawa ya mitaani ni kuandika `sys.path.append("..")` juu ya faili. Inafanya kazi kwenye mashini yako, kwa sababu `..` inahesabiwa kutoka folda uliyosimama wewe, si kutoka faili ilipo. Muuzaji akibofya ikoni kwenye mashini ya depo, folda ni nyingine, na programu inakufa.

## Juu ya faili au ndani ya fanksheni

Juu. Anayefungua faili anaona mara moja inategemea nini, na kifurushi kikikosekana unajua asubuhi programu inapofunguliwa. Kuna hali mbili zinazosukuma watu kushuka chini.

Ya kwanza ni mzunguko: `risiti.py` inaita `from duka.bei import punguzo`, na `bei.py` inaita `from duka.risiti import andika`. Risiti inaanza kusomwa, inakimbilia bei, bei inaomba `andika` ambayo risiti bado haijafika kuiandika. Kuanzia Python 3.8 ujumbe unataja kosa lenyewe: `cannot import name 'andika' from partially initialized module 'duka.risiti' (most likely due to a circular import)`. Ukibadili upande mmoja kuwa `from duka import risiti` na kutumia `risiti.andika` ndani ya fanksheni tu, inapita, kwa sababu jina linatafutwa baadaye, moduli ikiwa imekwisha kusomwa. Ni plasta. Dawa ni kutoa kile ambacho faili zote mbili zinakihitaji na kukiweka kwenye faili ya tatu isiyomwita mmojawapo.

Ya pili ni uzito. Grafu ya mwisho wa mwezi inahitaji matplotlib. Muuzaji wa kila siku haihitaji. Kuweka `import matplotlib.pyplot as plt` ndani ya `chora_mwezi()` kunaharakisha ufunguzi, jambo linaloonekana sana umeme ukirudi na mashini inawashwa huku foleni ipo. Gharama yake: kama matplotlib haijawekwa, utalijua tarehe 30 jioni. Kwa hiyo kagua mwanzoni bila kuipakia:

```
import importlib.util

if importlib.util.find_spec("matplotlib") is None:
    print("Angalizo: grafu za mwezi hazitatoka")
```

Andika `importlib.util` kamili. `import importlib` peke yake haihakikishi kwamba `util` imepakiwa.

## Majina ya faili, na majina ya vifurushi

Usiipe faili yako jina la moduli ya Python. Ukiwa na `random.py` kwenye folda yako, `import random` inakuletea ya kwako, na unaambiwa moduli haina `randint`. Kuanzia 3.13 ujumbe unakushauri ubadili jina la faili; matoleo ya nyuma yanakuacha uhangaike. Wahanga wa kawaida: `random`, `email`, `calendar`, `csv`, `test`. Majina ya Kiswahili yanatuokoa sana hapa, `hesabu.py` haigongani na kitu. Kistari cha kati usitumie: `bei-leo.py` haiingizwi, maana Python inasoma kutoa. Andika `bei_leo.py`.

Jina la kuweka na jina la kuingiza si lazima yafanane: unaweka `Pillow`, unaingiza `PIL`; `PyYAML` ni `yaml`; `opencv-python` ni `cv2`; `beautifulsoup4` ni `bs4`. `ModuleNotFoundError` baada ya kuweka kifurushi mara nyingi ni hili, au pip (zana ya kuweka vifurushi) uliyoita ni ya Python nyingine. Tumia `python -m pip install`, ili pip na Python ziwe za nyumba moja.

Kama mashini ya depo haina intaneti, au mega ni za kuhesabu, pakua mahali penye mtandao na ubebe kwa flashi (`requirements.txt` ni orodha ya vifurushi unavyohitaji):

```
python -m pip download -d vifurushi -r requirements.txt
python -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt
```

Amri ya kwanza iendeshwe kwenye mashini yenye mfumo uleule na toleo lilelile la Python kama ya depo. Ukipakua kwenye Linux yenye 3.12 kwa ajili ya Windows yenye 3.11, vifurushi kama numpy vitakataa kuwekwa.

## Mpangilio

PEP 8 inataka kila `import` kwenye mstari wake, na makundi matatu yaliyotengwa kwa mstari mtupu: vya Python yenyewe, vya kuweka kwa pip, vya kwako. Kupanga kwa mkono ni kupoteza muda. Iachie zana iitwayo Ruff: `ruff check --select I,F --fix .` inapanga, inaondoa visivyotumika, na inakulalamikia nyota kwa msimbo F403. Kichwa cha `mauzo.py` ya depo kinabaki hivi:

```
import csv
import json
from datetime import date
from decimal import Decimal
from pathlib import Path

from openpyxl import Workbook

from duka import viwango
from duka.risiti import Risiti
```

Tazama mistari miwili ya mwisho. Zote zinaanza na `from`, lakini ya kwanza inaleta moduli nzima, hivyo kiwango kitaendelea kusomwa kama `viwango.KIWANGO`, kipya kila mara. Ya pili inaleta klasi, ambayo haibadiliki kati ya asubuhi na jioni.